Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: fedha, afya, familia na marafiki kwa Mkristo wa Dar es Salaam

Haya ni maswali ambayo watu huuliza baada ya ibada wakiwa wamesimama nje kwenye kivuli, au kwenye jumuiya kiongozi anapouliza kama kuna mwenye neno. Mengine huulizwa kwa sauti ya chini, pembeni, wengine wakishaondoka. Ninayajibu kama mzee wa kanisa. Mimi si mchungaji, si daktari wala wakili, kwa hiyo panapohitajika mtu wa taaluma nitakuelekeza kwake. Sijachagua dhehebu, maana kodi ya miezi sita, ada ya shule na presha vinatupata sote.

Utaona jambo moja linajirudia: kusema ukweli wa hesabu kwa mtu anayehusika. Unadaiwa kiasi gani, unaumwa nini, unapata shilingi ngapi. Katika miaka ya kukaa na familia za kanisani nimeona kwamba shida nyingi zinazotufikia zikiwa zimeshaiva zilianza kwa kufichwa.

FEDHA

Fungu la kumi nitoe kabla ya makato ya mshahara au baada?

Makanisa hayafanani hapa. Yapo yanayofundisha asilimia kumi ya mshahara wote kabla ya kukatwa, yapo yanayokuachia uandike ahadi yako ya mwaka na kuitoa kwa bahasha, na Wakatoliki wana utaratibu wao wa zaka. Fuata mafundisho ya kanisa lako, na kama una mwenzi, pangeni pamoja. Paulo katika 2 Wakorintho 9:7 anasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, bila huzuni wala kulazimishwa.

Ninachosisitiza ni kwamba sadaka haifuti haki ya mtu mwingine. Katika Marko 7 Yesu anawakemea waliokuwa wakitangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama zao. Kama dada wa kazi hajalipwa miezi miwili, au mama yako kijijini hana hela ya dawa, pesa hiyo tayari ina mwenyewe. Mpe kwanza, kisha toa katika kilichobaki, hata kikiwa buku.

Mtumishi ameniambia nipande mbegu ya laki tano ili mlango wa kazi ufunguke. Sina. Nikope?

Usikope. Soma 2 Wafalme 4:1–7. Mjane wa mmoja wa wanafunzi wa manabii anamlilia Elisha: mumewe amekufa, na anayewadai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha anamwuliza ana nini nyumbani. Ana chupa ya mafuta tu. Mafuta yanaongezeka mpaka vyombo vyote vya kuazima kwa majirani vinajaa, kisha nabii anamwambia akauze, alipe deni, yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Nabii hakujitengea hata tone. Mimi hupima hapo. Mtumishi anayejua kuwa huna, na bado anataka uingie kwenye deni kwa ajili yake, anakwenda kinyume na Elisha.

Angalia pia pesa inakwenda wapi. Sadaka ya kanisa ina akaunti au namba ya malipo yenye jina la kanisa, ina risiti, na mapato na matumizi yake husomwa mbele ya waumini. Ukituma kwenye namba ya mtu binafsi, umempa mtu huyo zawadi. Ukitaka kumpa, mpe ukijua hivyo.

Nimeingia kwenye mkopo wa kausha damu. Nalipa kila siku na hauishi. Mume wangu hajui. Nifanye nini?

Swali hili linatoka zaidi kwa akina mama wenye magenge, mama lishe na wauza mitumba, lakini hata wenye ajira wamo. Nitalijibu kwa urefu kwa sababu limevunja nyumba nyingi.

Tuanze na hesabu. Chukua mfano wa mkopo wa laki mbili. Mkopeshaji anakata elfu ishirini ya fomu, unaondoka na 180,000. Unarejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Umelipa 260,000 kwa pesa iliyokufika mkononi 180,000, yaani nyongeza ya 80,000 ndani ya mwezi mmoja. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana za watu, na kwa laki mbili hiyo ni 7,000. Ukiziweka namba hizo mbili pamoja unaelewa kwa nini genge linauza kila siku na halikui. Mithali 22:7 inasema "akopaye ni mtumwa wake akopeshaye". Mama anayeamka saa kumi alfajiri kufuata mzigo sokoni Mabibo, halafu jioni faida yote anamkabidhi kijana wa marejesho, hahitaji kufafanuliwa andiko hilo.

Sasa la kufanya. Chukua daftari uandike kila deni: jina la mkopeshaji, ulichochukua, ulichorejesha, kilichobaki na tarehe. Andika na ule wa kwenye simu, na ule uliochukua ili kulipia mwingine. Kuanzia siku hiyo usichukue mkopo mpya wa kuziba wa zamani, hata ukiitwa kwa jina zuri.

Kisha mwambie mumeo. Najua hapa ndipo panapouma kuliko hata kulipa. Subiri watoto walale, mpe daftari alisome mwenyewe, usianze na kujitetea. Kama unaogopa kwamba mazungumzo yataishia pabaya, usiwe peke yako. Mpitie mama mchungaji, au waite wasimamizi wenu wa ndoa. Kazi yao haikuisha siku ya kupiga picha ukumbini. Mume naye akishasoma, aulize swali moja kabla ya kufoka: hela ilikwenda wapi? Mara nyingi atakuta ilikwenda kwenye ada, kodi na unga wa nyumba yake.

Baada ya hapo nendeni kwa mkopeshaji mkiwa wawili. Ombeni mkataba na leseni yake mvione. Ombeni asimamishe faini na mpange marejesho ya wiki yanayolingana na mauzo. Wengi hukubali, kwa kuwa wanataka pesa kuliko ugomvi. Kwa mikopo ya simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali, kwa hiyo hakikisha kwanza unadaiwa na nani. Wakianza kuwatumia ndugu na wateja wako ujumbe wa kukuaibisha, hifadhi ujumbe huo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume yake hupokea malalamiko. Na popote uendapo, usimwachie mtu kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri.

Neno kwa viongozi wa kanisa: mkitaka kumsaidia mama wa namna hii, kwa maoni yangu msimlipie deni lote kwa mkupuo. Mpeni mtaji wa mzigo wa wiki moja, marejesho yatoke kwenye biashara na biashara ibaki hai.

Kikoba kinatoza riba. Ni dhambi kujiunga?

Kutoka 22:25 inakataza kumtoza riba maskini anayekopa kwa sababu ya dhiki. Kwenye kikoba, faida inarudi kwa wanachama wale wale mnapogawana mwisho wa mwaka, kwa hiyo sioni kosa. Ila mwenye msiba au mgonjwa asaidiwe kutoka mfuko wa jamii bila riba. Kikundi kisajiliwe kupitia halmashauri, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi hivi kama daraja la nne. Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na hesabu zisomwe kwa sauti kila kikao, hata kama mweka hazina ni mtu mnayemheshimu mno.

Kadi za michango ya harusi zimenizidi. Nikikataa nitaonekana sina upendo.

Kuna mwezi unapokea kadi ya harusi, ya send-off na ya kitchen party, zote za watu wa karibu, na kila kamati imekuongeza kwenye kundi lake. Pangeni nyumbani kiasi cha michango kwa mwaka mzima, na ndani yake tengeni fungu la misiba kwanza, maana msiba hautoi taarifa. Mkishajua kiasi, mwambie mwanakamati mapema: "Shemeji, nina elfu thelathini, laki sitaiweza." Anaweza kununa siku mbili. Ahadi ya laki isiyolipwa inaharibu zaidi, kwa sababu wao wameshaiandika kwenye bajeti ya chakula. Yesu alisema ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo.

Kwa mnaooa: kanisa halidai ukumbi, mapambo wala mshereheshaji. Niliwahi kushuhudia ndoa iliyofungwa ibada ya kwanza, wakanywa chai na maandazi uani kwa kanisa, na kabla ya saa sita mchana wazee wa pande zote mbili walikuwa wamefahamiana kuliko ninavyoona kumbini kwenye muziki mkubwa. Natamani tuone nyingi za namna hiyo, na watoto wa viongozi wa kanisa waanze.

Kubeti kwa buku tu, kuna ubaya?

Upo. Pesa ya mshindi mmoja imetoka kwa wengi walioshindwa, na wengi wao ni vijana wa bodaboda wenye hesabu ya tajiri jioni. Kama umeshaanza kumficha mkeo mikeka yako, au umebeti kwa hela ya LUKU, tayari imekushika. Funga akaunti leo, mwachie mtu unayemwamini pesa ya ziada akutunzie, na mweleze mzee mmoja wa kanisa au rafiki atakayekuuliza kila wiki bila kuona haya.

Nina duka Kariakoo. Wateja wanataka bei ya bila risiti. Nikitoa risiti ya EFD kila mara nitafunga.

Sitakwambia ni rahisi. Jirani yako akiuza bila risiti na VAT ni asilimia 18, mteja wa jumla anaiona tofauti hiyo papo hapo. Hata hivyo Warumi 13:7 inasema kodi ilipwe kwa anayestahili kodi, na sheria yetu inamhesabia kosa muuzaji asiyetoa risiti na mnunuzi asiyeidai. Fika kwa mhasibu akuhakikishie uko kwenye kundi sahihi la mlipa kodi, maana wapo wanaobeba mzigo usio wao kwa kutojua. Shirikianeni na wafanyabiashara wenzenu waumini kuagiza mzigo pamoja ili bei ya kununulia ishuke. Kama makadirio ya kodi si ya haki, yapo mapingamizi ya kisheria, na jumuiya ya wafanyabiashara imewahi kuyapeleka malalamiko yake hadharani mbele ya serikali. Faida yako inaweza kuwa ndogo kuliko ya jirani. Hiyo ndiyo gharama yenyewe, na kanisa likuombee ukiwa dukani kama linavyomwombea mmisionari.

AFYA

Nimeombewa na naamini nimepona. Niache dawa?

Hapana. Naomba usome jibu hili mpaka mwisho.

Tulikwenda kumtembelea mama mmoja wa jumuiya yetu huko Mbagala. Alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, mkono wa kushoto hauinuki, mdomo umekwenda upande. Binti yake alifungua fundo kwenye pindo la khanga ya mama akatuonyesha vidonge vya presha, karatasi nzima, hakuna hata kimoja kilichotobolewa. Kwenye mkesha alikuwa ameambiwa kwamba amepona, na kwamba kumeza kidonge ni kukosa imani. Presha ya 140 kwa 90 na kuendelea haina kelele. Mtu anajisikia mzima, anafua, anaimba kwaya, mpaka siku mshipa unapopasuka au kuziba.

Katika 2 Wafalme 20 Mungu mwenyewe anaahidi kumponya mfalme Hezekia, na baada ya ahadi hiyo Isaya anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi na dawa zimekaa kwenye sura moja. Luka, aliyesafiri na Paulo, alikuwa tabibu, na Paulo anamwita mpendwa. Yakobo 5:14 inawataka wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta, na sisi tunafanya hivyo kwa moyo wote, bure, hapo hapo alipolala.

Nchi yetu imeshapita kwenye somo hili kwa uchungu. Mwaka 2011 maelfu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, na miongoni mwao walikuwamo wagonjwa walioacha dawa zao. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa kule Moshi wakikanyagana kuwahi kukanyaga mafuta ya upako. Waliokwenda walikuwa na maumivu ya kweli na imani ya kweli. Siwalaumu. Ninawaomba wanaosimama madhabahuni wakumbuke kwamba neno lao linabeba uhai wa watu.

Ukiamini umepona, nenda ukapime. Wale kumi wenye ukoma, katika Luka 17:14, Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, na makuhani ndio waliokuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba mtu ametakasika. Mwache daktari akuone, na yeye ndiye apunguze dozi au aisimamishe. Kwa ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hili ni zito zaidi. Dawa zikimezwa vizuri, virusi vinafubaa mpaka kipimo hakivioni, na hapo ndipo wengine hudhani vimekwisha. Ukiacha, vinarudi. ARV na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali, kwa hiyo hakuna sababu ya fedha ya kuziacha.

Kukata bima ya afya si kukosa imani?

Yusufu aliweka akiba sehemu ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka saba, na aliifanya hiyo kama kazi aliyopewa na Mungu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023. Ulizia ofisi ya NHIF au ofisi ya serikali ya mtaa wako kifurushi kinachokufaa kabla hujaugua. Kupitisha bakuli kanisani kwa ajili ya mgonjwa ni upendo, lakini bakuli halitoshi kila wiki.

Kanisa limetangaza mfungo wa siku 21. Nina kisukari.

Mwone daktari kwanza. Anayemeza dawa za sukari au kuchoma insulini akikaa na njaa, sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye vidonda vya tumbo nao wasijilazimishe. Mwambie kiongozi wako wazi, uendelee kuhudhuria maombi, na ujinyime kitu kingine, kwa mfano simu kuanzia jioni.

Mdogo wangu hataki kutoka chumbani, halali, anasema hana thamani. Ni pepo?

Inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Msome Eliya katika 1 Wafalme 19. Amechoka, ameketi chini ya mti, anaomba afe. Malaika hamkemei. Anamgusa, anampa mkate wa moto na maji, anamwacha alale tena, kisha anamlisha mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yanakuja baadaye, Horebu.

Mpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa ukaulize huduma ya afya ya akili, na kesi nzito hupelekwa Muhimbili. Maombi yaendelee sambamba, kwa sauti ya kawaida, bila kumfunga wala kumpiga. Akisema anataka kufa, msimwache peke yake hata dakika moja. Ondoeni sumu ya panya, kamba na vidonge, mumpeleke idara ya dharura siku hiyo hiyo. Na mama aliyejifungua karibuni anayelia bila sababu asiambiwe anadeka. Naye apelekwe.

FAMILIA

Mke wangu hajui mshahara wangu. Akijua, ndugu zake watajua.

Hofu hiyo naielewa, lakini ndoa ambayo mmoja anakisia kipato cha mwenzake haiwezi kupanga chochote. Mke anayedhani una milioni mbili wakati unapata laki saba atakuona bahili kila siku, na atakuwa na sababu. Kaeni mwezi ukiisha, wekeni mezani karatasi ya mshahara, mauzo ya duka lake, madeni yote, na mkubaliane hela gani kila mmoja anatumia bila kuulizwa. Kisha mkubaliane kwa maneno kwamba kiasi hicho hakitoki nje, si kwa shemeji wala kwa mama mkwe. Mwanzo 2:24 inasema mtu atamwacha baba yake na mama yake, na kuacha huko ni pamoja na kuwa na mambo ambayo ukoo hauambiwi.

Ndugu wa kijijini wanaomba kila wiki. Nikizima simu najisikia vibaya.

1 Timotheo 5:8 ni kali: asiyewatunza walio wake ameikana imani. Kwa hiyo kuzima simu si jibu. Jibu ni kutenganisha walio wako kwa wajibu na wanaoomba kwa mazoea. Wazazi wawekee kiasi cha kila mwezi, kidogo lakini cha uhakika, tarehe ile ile. Watoto wa marehemu kaka yako wasomeshwe kwa mgawanyo wa ndugu wote, kwa kikao cha simu, kila mmoja akitaja kiasi chake. Kwa wengine jifunze kusema "mwezi huu sina, bamdogo" bila hadithi ya uongo. Ni hizi hadithi za uongo zinazotuchosha, kwa kuwa inabidi uzikumbuke. Waambie pia ukweli wa maisha ya Dar: kwamba unapanda daladala mbili, na nyumba ni ya kupanga. Wengi wanaomba sana kwa sababu wanaziona picha zetu za sherehe tu.

Dada wa kazi ni kama mtoto wetu. Kuna haja ya mkataba?

Ipo. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vinafika masikioni mwa Bwana. Mlipe tarehe moja kila mwezi, mkononi mwake au kwenye simu yake, usimtunzie bila yeye kuomba. Awe na siku ya kupumzika na ya kwenda ibadani, ya dhehebu au dini yake, si lazima kwenu. Mwandikishe NSSF. Akivunja sahani, usikate mshahara. Mtoto wa chini ya miaka 14 sheria hairuhusu kumwajiri kabisa, hata kama mzazi wake amemleta mwenyewe kwa mkono.

Wakwe wanataka mahari kubwa. Bila kuimaliza, ndoa ni halali?

Kisheria ndiyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 haiifanyi ndoa kuwa batili kwa sababu ya mahari kutolipwa. Lakini heshima ni kitu kingine. Tuma mshenga mwenye busara, taja unachokiweza, lipa kwa awamu ulizoahidi. Tangazo la ndoa linahitaji siku 21, kwa hiyo msisubiri dakika za mwisho.

Mume wangu ananipiga. Mchungaji alisema nivumilie na kuomba.

Ondoka mahali penye hatari kwanza. Nenda kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, upate PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na matibabu. Kama mtoto anaumizwa, namba 116 ni ya bure. Kusamehe kunawezekana ukiwa kwa dada yako, umelala salama. Mwanamume anayepiga atubu kwa kuacha kupiga, chini ya uangalizi, muda mrefu, kabla mtu yeyote hajakushauri kurudi. Viongozi wenzangu, neno "vumilia" tulitumie kwa umaskini na ugonjwa. Kwenye kipigo tusilipeleke.

MARAFIKI NA MAJIRANI

Rafiki yangu wa kanisani alikopa laki tatu na sasa ananikwepa.

Mathayo 18:15 inakuelekeza uende kwake peke yako. Usiposti fumbo kwenye status. Mwulize anaweza kurejesha kiasi gani kwa wiki, hata elfu tano. Kama hana kabisa na wewe unaweza, msamehe waziwazi, kwa kinywa, ili arudi kukaa benchi moja na wewe. Safari nyingine toa kile tu ambacho kisiporudi hutalala njaa. Na kumdhamini mtu mkopo, soma Mithali 6:1–5 kwanza.

Majirani zetu wengi ni Waislamu. Tushirikiane nao mpaka wapi?

Kwenye mitaa ya Temeke, Ilala na Magomeni swali hili linajibiwa kila siku kwa matendo, na jiji hili limelelewa vizuri kwa hilo. Mwezi wa Ramadhani jirani akileta futari ya mihogo na tambi, pokea, na sahani isirudi tupu. Paulo katika 1 Wakorintho 10:27 anasema mkialikwa, kuleni mnachowekewa. Ukiwa na shughuli nyumbani, mwombe jirani Muislamu aje achinje kuku na mbuzi, ili majirani wote wale bila wasiwasi. Desturi hii ni ya miaka mingi, na wapo Wakristo wanaosita juu yake. Mimi naiona kuwa ukarimu wa mwenye nyumba, kwa roho ile ile ya Warumi 14.

Kwenye msiba fika mapema, maana mazishi yao hayangoji. Wanawake wakae na wafiwa, wanaume wafuate jeneza kaburini, mvae kwa heshima, mkae kimya wakati wa dua. Sala zao huna haja ya kuzifuatisha, na imani yako huna haja ya kuificha. Ukiulizwa unaamini nini, jibu kwa upole na uwazi. Mfiwa atakumbuka nani alibeba viti na nani aliosha masufuria usiku wa manane.

Nilimweleza mwenzangu siri ya ugonjwa wangu. Kesho yake ikawekwa kwenye kundi la WhatsApp kama ombi la maombi.

Pole sana. Hili linawakimbiza watu kanisani kuliko mahubiri mabaya. Mfuate aliyeandika, peke yenu, umwambie ilivyokuumiza na umwombe afute. Kama ni kiongozi na hasikii, mchukue mtu wa pili.

Kwa wanaosimamia makundi haya: hakuna jina la mgonjwa linalowekwa bila mwenyewe kukubali, na jina la ugonjwa lisiwekwe kabisa. "Tumwombee ndugu yetu aliyelazwa Amana" inatosha. Anayetaka kujua wodi na saa za kumwona ampigie kiongozi wa jumuiya, na anayekwenda asipige picha kitandani. Abebe uji kwenye chupa, akae kidogo, amwulize muuguzaji kama amekula.